Mama anachanganya dawa za presha na kisukari

Dada, kama mama hakumbuki ameshameza au bado, mnunulie kisanduku cha dawa cha siku 7 chenye vyumba viwili kwa kila siku, asubuhi na usiku. Chumba kikiwa kitupu, ameshameza. Kijaze mara moja kwa wiki, kwenye mwanga, orodha ya dawa ikiwa mbele yako. Maliza kupanga metformini (ya kisukari) kwenye vyumba vya siku zote 7 ndipo ufungue amlodipini (ya presha). Kurukaruka ndiko kunakoleta makosa. Usikate pakiti ukaweka kidonge na ganda lake, maana mzee asiyeona vizuri humeza vyote na koo likachanika. Kisanduku kikae pakavu, si jikoni.

Maandishi ya bahasha ya dawa nayo ni mtego. "1x3" ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, lakini wapo wanaomeza vitatu kwa mpigo. Chora jua (asubuhi) na mwezi (usiku) kwenye bahasha kwa kalamu nene.

Ukitega kengele ya simu, kumbuka saa 2 asubuhi ni 08:00. Ukiandika 02:00 utamwamsha usiku wa manane! Kengele iende na mlo, kwani metformini bila chakula huvuruga tumbo.

Nifedipini ya kutoka taratibu (dawa nyingine ya presha, inayoingia mwilini kidogo kidogo) isivunjwe wala kusagwa: dawa yote hutoka mara moja na presha ikashuka ghafla. Akisahau dozi, asimeze mbili kufidia. Akishindwa kumeza vidonge vizima, mwulizeni mfamasia kama ipo ya maji.