Shela la bibi lina kutu, na fundi keshashika mkasi

*Shangazi, naolewa baada ya wiki sita hapa Tanga. Bibi mzaa mama amenipa shela lake la nailoni, taji la vito na lulu za bandia, na bangili mbili za fedha. Shela limegeuka rangi ya chai na lina madoa ya kutu, taji limepoteza vito saba, bangili zimekuwa nyeusi. Wifi anataka nikodi vya kisasa. Fundi anasema alikate shela na bangili zichovywe ziwe rangi ya dhahabu. Bibi hasemi kitu, ila nikimtaja fundi ananyamaza. – Bi harusi, Makorora*

Mwanangu, kimya cha bibi kinanishughulisha kuliko kutu. Kutu inatoka. Shela likikatwa limekatika, na fedha ikishachovywa, kuirudisha kunaweza kupunguza nakshi. Usimpe fundi kitu bado. Kaa na bibi, mwambie unachotaka kuvaa na unachotaka kubadilisha, kisha mwache aseme. Kama ni urefu, mkasi wa nini? Shela likunjwe juu, pale penye chanuo, lishikizwe kwa mishono mirefu ya mkono. Baada ya harusi unafumua.

Wifi mwambie tu kwamba unavitengeneza, aje avione vikiwa tayari.

Anza na shela, maana ndilo linalotaka siku nyingi. Toa pini na vibanio vyote. Hivyo ndivyo vilivyoleta kutu, kwa unyevu huu wetu wa pwani. Loweka kwenye lita 10 za maji ya vuguvugu na vijiko viwili vya sabuni ya maji, kwa muda wa saa mbili hivi. Likandamize kwa viganja, usilikamue. Maji yakigeuka rangi ya chai yamwage, weka mengine, mpaka yabaki meupe. Kwenye kutu paka maji ya limau yaliyochanganywa na chumvi, liache kivulini nusu saa likiwa bichi, kisha suuza sana. Doa likibaki, rudia kesho. Jaribu kwanza kwenye pindo lisiloonekana. Na jiki usiiguse kabisa: dawa ya klorini huifanya kutu ishike zaidi, na nailoni inazidi kuwa njano. Lianike limelala juu ya shuka jeupe, si juu ya kanga inayochuja rangi. Pasi iwe ya moto mdogo kabisa, na kitambaa cha pamba katikati, kwa sababu nailoni inayeyuka kabla hujanusa harufu.

Taji usilitumbukize majini. Vito vya kioo vina utando wa kung'aa mgongoni. Maji yakipenya vinakuwa vya kijivu, na hapo hakuna dawa ila kubadilisha. Lisugue kwa mswaki laini mkavu. Spiriti nayo huondoa ngozi ya lulu za bandia. Kununua vito, beba taji lenyewe dukani, maana tofauti ya milimita moja inatosha kito kisikae. Kwangua gundi ya zamani kwa ncha ya sindano. Gundi ya kukauka papo hapo usitumie, mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya vito. Tumia epoksi ya tyubu mbili, sawa kwa sawa, tone dogo kwa njiti ya kiberiti, kisha liache saa 24 bila kuligusa. Mchukue bibi mkachague vito pamoja.

Bangili ni kazi ya dakika tano, ikiwa ni fedha tupu. Zionyeshe kwa sonara kwanza. Tandaza foili kwenye bakuli, weka bangili ziiguse, mimina lita moja ya maji ya moto yenye vijiko viwili vya bikaboneti ya soda na kimoja cha chumvi. Harufu ya yai viza isikutishe, ni salfa inayoiacha fedha. Zikiwa na vito vya gundi, usifanye hivi. Na weusi ulioko ndani ya nakshi ndio unaoonyesha maua. Ukitaka ubaki, tumia kitambaa laini tu.

Siku yenyewe, mweleze somo wako, yaani kungwi anayekuandaa, mambo haya. Shela lisifukizwe udi karibu na chetezo, cheche moja inatoboa. Hina iwe imekauka na kubanduliwa. Kikuba kisibanwe kwenye shela, maji ya maua yanaacha madoa. Marashi kwanza, bangili mwisho.

Harusi ikipita, lifue shela ndani ya wiki hiyo, kwani jasho lisiloonekana leo ndilo litakalokuwa njano baadaye. Likunje ndani ya kitambaa cheupe cha pamba, si gazeti wala mfuko wa plastiki. Bangili usizifunge kwa mpira, una salfa. Halafu mwulize bibi kama anataka virudi kwenye sanduku lake au vikae kwako.