Mausi inakataa na foleni imefika barazani

SWALI: Shikamoo anko. Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga, kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni, mikopo ya chuo, ajira, vyeti vya kuzaliwa. Mausi imeanza kukataa, nabofya mara tatu ndo inaitika, wateja wanajaa mpaka barazani. Juzi nimefunga kwa bahati mbaya fomu ya binti wa watu ishajazwa nusu, alitaka kulia. Halafu zamani nilikuwa nabonyeza Backspace narudi ukurasa wa nyuma, siku hizi wapi. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Tuanze na huyo binti. Ukifunga ukurasa kimakosa shika Ctrl na Shift pamoja kisha gonga T, unarudi palepale, ila usiutegemee kukurudishia ulichokwisha andika, kwahiyo kama fomu ina kitufe cha kuhifadhi kitumie kila hatua. Na hiyo Backspace, Chrome waliiondoa 2016 kwasababu hiyohiyo, watu walikuwa wanadhani wanafuta herufi kumbe wanatoka kwenye ukurasa na fomu yote inapotea. Siku hizi kurudi nyuma ni Alt na mshale wa kushoto.

Kwenye fomu yenyewe mausi wala huihitaji. Tab inakupeleka kisanduku kinachofuata, Shift na Tab inakurudisha, Space inaweka tiki, na ukifika kwenye orodha ya mikoa mara nyingi ukiandika Tan tu inaruka mpaka Tanga, huna haja ya kuskroli kuanzia Arusha. Tangazo la ajira likiwa refu, Ctrl na F, andika neno unalotafuta. Ctrl na T inafungua kichupo kipya, Ctrl na L inakupeleka pale juu pa kuandika anwani. Hivyo vinatosha kwa wiki ya kwanza, vidole vizoee kwanza.

Sasa hukuniuliza ila lazima nikwambie, maana unashika siri za watu. Kila mteja mfungulie dirisha fiche, kwenye Chrome ni Ctrl, Shift na N, Firefox unaweka P badala ya N. Akimaliza funga madirisha fiche yote, akaunti yake haibaki wazi kwa mteja anayekuja nyuma yake. Angalia tu, kwenye dirisha fiche la Chrome ukifunga ukurasa ile ya T haikurudishii, kwahiyo Ctrl na W, ile ya kufunga ukurasa, iogope ukiwa humo. Na dirisha fiche halifuti mafaili uliyodaunlodi, vyeti na vitambulisho vya watu vinabaki kwenye kompyuta yako. Ukishaprinti, kabla hujafunga dirisha hilo, bonyeza Ctrl na J uone yaliyoshuka, fungua folda yake, lichague faili la mteja kisha Shift na Delete, hapo haliendi hata kwenye kapu la taka, na ulifute yeye akiwa bado amesimama hapo anaona.