Maswali ya Wasomaji: Shokapu, Gia na Difu za Bagi la Rimoti

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa wenye mabagi ya mashindano yanayoendeshwa kwa rimoti, yaani yale magari madogo ya vumbini yenye shokapu ndefu na tairi zenye meno. Tumechagua nne.

SWALI: Ndugu mwandishi, nina bagi la umeme la kipimo cha 1/10 (sehemu moja ya kumi ya gari halisi) linalosukumwa na tairi za nyuma peke yake. Tunashindana kwenye njia ya muramu tuliyoichonga wenyewe kando ya uwanja wa mpira. Likiruka tuta na kutua, linadunda na mara nyingi linapinduka. Nikiongeza mwendo wakati wa kutoka konani, nyuma inahama na gari linageuka kutazama lilikotoka. Niliambiwa nifunge springi ngumu zaidi nyuma, nikafunga, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nifanyeje? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ndugu msomaji, aliyekushauri aliona gari linagonga chini akadhani linashindwa kujibeba, lakini dalili ulizoeleza zinatuambia jambo jingine. Springi hulibeba gari na kulirudisha juu baada ya kubonyea, na oili iliyomo ndani ya shokapu ndiyo inayoizuia springi hiyo isirudi kwa kishindo. Ukifunga springi ngumu na kuiacha oili ileile, unaongeza nguvu ya kurusha bila kuongeza nguvu ya kuzuia, na gari haliwezi kufanya lingine ila kudunda. Kwa hiyo rudisha kwanza springi zako za zamani.

Kabla hujagusa oili, zifungue shokapu zote nne upande wa chini, inua kila mkono wa suspensheni kwa kidole hadi usawa wa chasisi, kisha uuachie. Unapaswa kuanguka wenyewe, bila kusita. Ukikwama, chomoa pini yake na uivingirishe juu ya kioo: pini iliyopinda haivingiriki sawasawa, na utaona mwanga ukipita chini yake kila inapogeuka. Kama pini imenyooka, futa tundu la mkono kwa kitambaa kikavu na usipake mafuta yoyote, kwa sababu vumbi la muramu likishaingia kwenye mafuta linageuka kuwa msasa na kula plastiki kila gari linapotembea. Wengi wetu tumewahi kufanya kosa hilo kwa nia njema kabisa.

Baada ya hapo zijaze shokapu upya. Isimamishe shokapu ikiwa imefunguliwa kofia, vuta fimbo yote chini, mimina oili hadi karibu na ukingo, kisha ipandishe na kuishusha pistoni polepole bila kuitoa kwenye oili mpaka viputo vikome. Iache imesimama kwa dakika 10 hivi, maana viputo vidogo hung'ang'ania chini ya pistoni na hupanda kwa wakati wao wenyewe. Ukishafunga kofia, zishike zile mbili za nyuma pamoja bila springi, moja katika kila mkono, na uzisukume kwa nguvu iliyo sawa juu ya meza. Zote mbili zinapaswa kuingia kwa kasi moja. Yenye hewa utaisikia ikikoroma, na gari lenye shokapu moja ya namna hiyo huvuta upande mmoja kila linapotua, hata ukirekebisha kila kitu kingine.

Kwa springi za wastani, oili ya 35 mbele na ya 30 nyuma ni mwanzo mzuri. Fahamu kwamba nambari hizo hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, na 30 ya huyu yaweza kuwa nzito kuliko 30 ya yule. Chupa nyingi huandikwa pia sentistoki, ambacho ndicho kipimo halisi cha uzito wa oili inapotiririka: 30 huwa karibu na sentistoki 350, na 35 karibu na 425. Ukibadilisha chapa ya oili, fuata sentistoki.

Sasa lijaribu. Lishike bagi likiwa kamili, lina betri na bodi yake, sambamba na sakafu, kwa urefu wa sentimita 30, na uliachie. Chasisi inapaswa kuigusa sakafu kidogo, kisha gari lipande mara moja na kutulia. Likipiga sakafu kwa kishindo, oili ni nyepesi mno. Likipanda, likashuka na kupanda tena, springi imeishinda oili, na hivyo ndivyo bagi lako lilivyo leo. Likishuka taratibu na kuchelewa kurudi, oili ni nzito, na kwenye njia yenye matuta madogo mfululizo tairi hazitawahi kurudi chini kabla ya tuta linalofuata. Ongeza au punguza hatua moja ya oili kila mara, usiruke hatua tatu.

Kuhusu ile pete ya uzi inayokaza springi, watu wengi huikaza wakiamini kwamba wanaifanya springi iwe ngumu. Springi inabaki ileile; kinachobadilika ni kimo cha gari. Itumie pete hiyo kupanga kimo: liangushe gari kidogo, lisukume na kuliachia, kisha uzitazame shafti zinazopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma. Zikilala sawa na meza umefika mahali pa kuanzia, na kwa mabagi mengi ya 1/10 hapo ni kama milimita 22 hadi 25 kutoka meza hadi chini ya chasisi.

Limebaki lile la nyuma kuhama. Kwanza tazama tairi, kwa sababu hakuna shokapu inayoweza kuziokoa tairi zisizofaa: kwenye muramu mgumu uliofagiliwa yanafaa meno mafupi yaliyosongamana, lakini penye vumbi legevu yanatakiwa meno marefu yenye nafasi kati yake. Zikiwa sawa, isogeze betri nyuma kadiri chasisi inavyoruhusu, kwa kuwa uzito juu ya tairi zinazosukuma ndio unaozipa nguvu ya kushika ardhi. Kama bado inahama, zielekeze tairi za nyuma ndani kidogo zaidi kwa upande wa mbele, kutoka nyuzi 3 za kawaida hadi 3.5, utapoteza kasi kidogo kwenye mnyooko lakini gari litatoka konani likiwa limenyooka. Fanya badiliko moja, kimbiza mizunguko mitano, andika kwenye daftari, ndipo uende kwa jingine.

SWALI: Je, naweza kutumia oili ya cherehani kwenye shokapu? Ya silikoni ni ghali na hapa kwetu haipatikani kwa urahisi. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapana. Oili ya cherehani inatokana na mafuta ghafi, na huvivimbisha vile vipira vya kuzibia fimbo vilivyotengenezwa kwa silikoni, hadi fimbo inakwama na hatimaye shokapu inavuja. Isitoshe, hupoteza uzito wake upesi zaidi inapopata joto, hivyo gari ulilolirekebisha saa mbili asubuhi litakuwa gari jingine saa nane mchana. Chupa ndogo ya silikoni hujaza shokapu zote nne zaidi ya mara moja. Nunueni kwa kuchangiana.

SWALI: Niliondoa pinioni (gia ndogo ya mota) ya meno 22 nikafunga ya meno 26 ili bagi langu la 1/10 liwe na kasi. Gia kubwa ina meno 78. Sasa mota inachemka kiasi kwamba siwezi kuishika baada ya dakika chache, na wakati wa kuondoka naona gari limepungua nguvu. Pia nasikia mlio kama wa kusaga mchanga ndani ya giaboksi. Je, ninunue mota kubwa zaidi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Usinunue mota. Tupige hesabu kwanza. Gawanya 78 kwa 22, kisha zidisha kwa uwiano wa ndani ya giaboksi, ambao katika mabagi mengi ya aina yako ni 2.6: utapata 9.2, maana yake mota ilikuwa ikizunguka mara 9.2 ili tairi izunguke mara moja. Kwa pinioni ya 26 umeshuka hadi 7.8. Umeitwisha mota mzigo mkubwa zaidi kwa kila mzunguko, nayo haifikii kasi inayoitaka kabla ya kona nyingine kufika, kwa hiyo umeme mwingi unaishia kuwa joto. Kwenye njia fupi yenye kona nyingi bagi la namna hiyo hupitwa na lenye pinioni ndogo. Rudi 22, kimbiza dakika tano, pima joto la mota kwa kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, na uongeze jino moja tu kila mara. Nyuzi 70 za Selsiasi si tatizo. Ukikaribia 80 acha, kwa kuwa joto kali huidhoofisha sumaku iliyo ndani, na sumaku iliyodhoofika hairudi ilivyokuwa.

Kila unapobadilisha pinioni, panga upya nafasi kati yake na gia kubwa. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, upitishe katikati ya meno, bana mota, kaza skrubu, kisha uutoe ukanda kwa kuzungusha gia. Ukitoka umekunjamana bila kuchanika, nafasi inatosha.

Huo mlio wa kusaga unanitia wasiwasi zaidi kuliko joto. Kama difu yako, yaani kile kifaa kinachoziruhusu tairi mbili kuzunguka kwa kasi tofauti, ni ya gololi, yaelekea imekuwa ikiteleza. Klachi iliyo kwenye gia kubwa ndiyo iliyowekwa kuteleza wakati gari linapotua huku tairi zikizunguka. Difu haitakiwi kuteleza kabla yake hata mara moja, kwani gololi huchimba mfereji kwenye zile pete mbili za chuma, na mlio unaousikia ni gololi zikipita ndani ya mfereji huo. Fungua difu. Pete zikiwa na alama hafifu, zigeuze upande wa pili, au uzisugue kwa mviringo juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo. Zikiwa na mfereji unaoukamata ukucha, zitupe. Paka grisi ya silikoni kwenye gololi kubwa na ile nyeusi kwenye beringi ndogo ya skrubu, bila kuzichanganya. Ukimaliza, shika gia kubwa na tairi moja ya nyuma, kisha jaribu kuizungusha tairi ya pili: isikubali kwa urahisi. Baada ya hapo legeza klachi kidogo kidogo, mpaka utakapozibana tairi zote mbili za nyuma chini na kuongeza mwendo, pua ya gari inyanyuke kidogo kisha klachi iachie.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina bagi la 1/8 la umeme, linalosukumwa na tairi zote nne, lenye difu tatu za oili. Tunakimbiza jangwani nje ya mji. Tairi za mbele zikinyanyuka kidogo zinazunguka ovyo na gari linapoteza nguvu zote. Niweke oili gani? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Waalaykum salaam. Difu hupeleka nguvu kwenye tairi yenye kazi nyepesi kuliko zote, na tairi iliyo hewani haina kazi yoyote. Oili nzito ndiyo inayoizuia nguvu isikimbilie huko. Mwanzo unaofaa ni sentistoki 5,000 mbele, 7,000 katikati na 3,000 nyuma. Kwa tatizo lako anza na ile ya katikati, uipandishe hadi 10,000, kwa sababu hiyo ndiyo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ya nyuma iache iwe nyepesi. Ukiipandisha, nyuma itateleza kila konani penye mchanga. Na kwa kuwa kwenu joto la kiangazi hupita nyuzi 40, oili hiyo itakuwa nyepesi mchana kuliko jioni, basi fanya majaribio saa ileile mnayoshindana.

Usijaze difu hadi juu. Mimina mpaka oili ifunike pini za msalaba zinazobeba gia ndogo, uache nafasi ya kutanuka, la sivyo itatafuta njia ya kutoka kupitia kwenye vipira. Na kwa kuwa jicho hudanganya, ipime difu kwenye mizani ya jikoni kabla na baada ya kumimina, kisha andika idadi ya gramu kwa kalamu ya wino mzito juu ya kasha lake.