Kumsafirisha mama mwenye kiti cha magurudumu kwa Hiace

Dada, unauliza kama breki za kiti cha magurudumu zinatosha kukishika garini ukimtoa mama kutoka Makambako hadi Mbeya. Hazitoshi, zinazuia magurudumu tu, dereva akifunga breki ghafla kiti kinapinduka. Akiweza, ahamie siti ya gari yenye mkanda, kiti cha magurudumu kifungwe nyuma. Hiyo ndiyo salama zaidi.

Akibaki kwenye kiti chake cha magurudumu, atazame mbele, kamwe si ubavu. Mikanda minne ishike fremu ya kiti, si magurudumu wala vikanyagio, ifungwe kwenye nanga za sakafuni, yaani vishikizo imara vilivyofungwa kwenye sakafu ya gari. Kamba ya katani haifai. Mama naye avae mkanda wa gari: wa kiunoni upite ndani ya viegemeo vya mikono, ulale kwenye nyonga, si tumboni. Viti vya magurudumu vyenye alama ya ISO 7176-19, kiwango cha kimataifa cha viti vya kukalia ndani ya gari, vimejaribiwa kwa mgongano wa kilomita 48 kwa saa.