Jioni za Machi na watoto: mpira wa kikapu wa vyuo au filamu za katuni?

Ndugu aliyeuliza swali hili ana watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka kumi na mmoja, nao wanaishi Marekani kama wengi wetu. Anataka kujua kama jioni za mwezi wa Machi azitumie kuangalia nao mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu au awawekee filamu za katuni. Waliomjibu kabla yangu wamemwambia kwamba mpira wa vyuo ni wa kiwango cha chini ukiulinganisha na NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, na kwamba katuni ni za kuwanyamazisha watoto wadogo tu. Mimi ni mpenzi wa vyote viwili kwa miaka mingi, nimelea watoto wangu navyo hapa Ohio, na sikubaliani na kauli hata moja kati ya hizo. Nashauri aangalie vyote, ila achague, na kigezo changu ni kilekile kwa pande zote mbili: je, mtoto atamwona mtu akipoteza kitu anachokipenda kwa dhati, na je, ataonyeshwa kinachofuata baada ya hapo?

Nianze na mashindano. Huingia timu 68 za wanaume na 68 za wanawake, na mfumo wake ni mtoano wa mechi moja: ukifungwa leo, msimu wako umekwisha leo. Katika NBA timu inaweza kufungwa mara tatu katika mfululizo wa mechi saba na bado ikasonga mbele. Ni kweli kabisa kwamba wachezaji wa NBA wana ufundi mkubwa zaidi, na hilo sibishani nalo. Lakini wengi wa vijana hawa wa vyuo hawatasajiliwa na timu yoyote kubwa. Watakuwa walimu, wahasibu, makocha wa shule, na mechi unayoiona ndiyo ya mwisho kwao mbele ya umati. Kila mwaka timu 67 kati ya 68 huondoka zikiwa zimefungwa. Mtoto anayeangalia mashindano haya kwa wiki tatu huona watu wakifungwa kwa kila namna, tena watu ambao wameshindana kwa nguvu zao zote.

Mechi nne za kufungua upande wa wanaume huchezwa Dayton, hapa hapa Ohio, katika ukumbi wa UD Arena, karibu kila mwaka tangu mfumo wa timu 68 uanze mwaka 2011. Niliwapeleka wanangu huko. Tulikaa nyuma kidogo ya benchi la chuo kimoja kidogo ambacho jina lake watoto hawakuwahi kulisikia. Dakika ya mwisho, pengo la pointi likiwa haliwezi tena kuzibwa, kocha aliwatoa wachezaji wake wa mwaka wa nne mmoja baada ya mwingine ili washangiliwe. Mmoja wao, kijana mrefu aliyefungwa vidole viwili pamoja kwa bandeji, alifika kwenye benchi akajifunika taulo kichwani, na mchezaji wa akiba aliyeketi pembeni yake akamwekea mkono shingoni bila kusema neno. Bendi ya chuo chao iliendelea kupiga matarumbeta vilevile. Binti yangu hakuuliza matokeo. Aliuliza yule kaka ataamka kufanya nini kesho. Tulizungumza juu ya swali hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, na sijapata mechi ya NBA iliyotupatia mazungumzo ya namna hiyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa timu ya wanaume ya chuo cha Virginia. Timu hupangwa katika kanda nne kwa madaraja, kuanzia la 1 hadi la 16, na katika raundi ya kwanza aliye daraja la 1 hukutana na aliye daraja la 16. Tangu mashindano ya wanaume yapanuliwe hadi timu 64 mwaka 1985, timu za daraja la 1 zilikuwa zimeshinda mechi zote 135 za aina hiyo. Kisha, Machi 2018, Virginia, iliyopewa nafasi ya juu kuliko timu zote nchini, ilikutana na UMBC, chuo cha Maryland ambacho mashabiki wengi hawakujua hata herufi zake zinasimamia nini. Wakati wa mapumziko walikuwa sare ya 21 kwa 21. Kipindi cha pili UMBC walifunga pointi 53, na mechi ikaisha 74 kwa 54. Kwa mwaka mzima uliofuata, popote Virginia walipokwenda, walikumbushwa usiku ule.

Kocha wao, Tony Bennett, alirudi mwaka 2019 na wengi wa vijana walewale. Katika robo fainali dhidi ya Purdue walikuwa nyuma kwa pointi mbili na sekunde zinayoyoma. Mtupo huru ukakosa, mpira ukapanguliwa hadi upande wao wa nyuma, Kihei Clark akaukimbilia na kumrushia Mamadi Diakite, kijana wa Conakry nchini Guinea, naye akautia kikapuni huku king'ora kikilia. Wakashinda 80 kwa 75 katika muda wa nyongeza. Nusu fainali waliifunga Auburn 63 kwa 62, Kyle Guy akiwa amepewa mitupo huru mitatu ikiwa imebaki sekunde 0.6, akaitia yote. Fainali wakaifunga Texas Tech 85 kwa 77, tena katika muda wa nyongeza. Mtu angeleta hadithi hii kama muswada wa filamu, nadhani angeambiwa apunguze chumvi. Lakini ilitokea, na waliocheza walikuwa wanafunzi.

Upande wa wanawake usiuache, hasa kama una mtoto wa kike. Mwaka 2023 South Carolina, chini ya kocha Dawn Staley, walifika nusu fainali wakiwa hawajafungwa hata mechi moja, wakaondolewa na Iowa ya nyota Caitlin Clark kwa 77 kwa 73. Mwaka uliofuata wakakutana na Iowa hiyo hiyo katika fainali, wakashinda 87 kwa 75, na kumaliza msimu kwa ushindi wa mechi 38 bila kufungwa. Fainali hiyo ilitazamwa na watu wapatao milioni 18.9 nchini Marekani, wakati ile ya wanaume mwaka huo ilikuwa na watu milioni 14.8. Anayesema kwamba mpira wa wanawake hauna watazamaji anazungumzia zama zilizopita.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada. Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam, alichezea chuo cha Connecticut hadi nusu fainali ya mwaka 2009, ambako walifungwa na Michigan State mjini Detroit kwa 82 kwa 73. Miezi michache baadaye alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, ambapo timu za ligi hiyo huchagua wachezaji wapya. Khaman Maluach wa Sudan Kusini, aliyekulia Uganda kama mkimbizi na kuanza kucheza huko huko, alikuwa na chuo cha Duke katika nusu fainali ya mwaka 2025. Duke walikuwa mbele kwa pointi sita ikiwa imebaki chini ya dakika moja, na bado Houston wakashinda 70 kwa 67. Mwanangu wa kiume alikaa sakafuni akiangalia runinga hadi matangazo ya biashara yakaisha. Watoto wetu wanapomwona kijana aliyejifunza mchezo Kampala akisimama pale, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kitu kimoja kinanisikitisha, nami nakisema kwa sababu kinahusu hasa kile ninachokisifia. Tangu mwaka 2021, wachezaji waliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao na pia kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, vyuo vidogo vimekuwa shamba la mbegu la vyuo vikubwa. Malipo nayaunga mkono kabisa, kwani vijana hawa walijaza kumbi kwa miaka mingi huku fedha zikienda kwa wengine. Lakini angalia yaliyowapata Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City. Mwaka 2022, wakiwa daraja la 15, waliifunga Kentucky, kisha Murray State, kisha Purdue, na kuwa timu ya kwanza ya daraja hilo kufika robo fainali. Ndani ya miezi michache kocha wao alikuwa amekwenda kwingine na wachezaji wao wakuu wametawanyika. Mwaka 2025 timu zote nne za wanaume zilizofika nusu fainali zilikuwa za daraja la 1. Mpira ulikuwa mzuri sana, ila mtoto aliyeanza kuyafuatilia mashindano mwaka huo hakuiona sura ya mashindano ninayoizungumzia hapa.

Sasa katuni. Kigezo ni kilekile, na mfano rahisi zaidi ni Space Jam ya mwaka 1996, ambamo Michael Jordan anacheza mpira wa kikapu pamoja na sungura wa katuni na wenzake, kwa kuwa inagusa pande zote mbili za swali. Watoto wanaipenda, na sikatai kwamba inachangamsha. Udhaifu wake ni kwamba hakuna dakika ambapo mtoto anaamini kuwa Michael Jordan anaweza kushindwa. Linganisha na Jordan halisi, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo cha North Carolina katika fainali ya mwaka 1982 mjini New Orleans. Zikiwa zimebaki sekunde chache alirusha mpira uliowaweka mbele 63 kwa 62 dhidi ya Georgetown. Georgetown walikuwa bado na nafasi, lakini Fred Brown, akidhani anampasia mwenzake, akampa mpira James Worthy wa North Carolina, na mechi ikaishia hapo. Kocha wa Brown, John Thompson, jitu la miraba minne lenye taulo begani, akamkumbatia uwanjani mbele ya nchi nzima. Miaka miwili baadaye Georgetown walitwaa ubingwa, Brown akiwa bado kikosini, na Thompson akamkumbatia tena. Picha za video za matukio hayo zipo. Waonyeshe watoto kabla ya kuwawekea filamu ya Jordan na sungura.

The Lion King ya mwaka 1994 inafaulu pale ambapo filamu nyingi za familia huogopa kufika. Simba anamsukuma baba yake kwa kichwa, anamvuta sikio, anakwenda kuita msaada, na hakuna anayekuja. Kisha anarudi na kujilaza chini ya mkono wa baba yake aliyekufa. Hakuna utani unaoingizwa haraka ili kumfariji mtazamaji, na wanyama wenye vichekesho hawaji hadi msiba umekaa mahali pake. Toleo la mwaka 2019 lina tukio hilo hilo, lakini kwa kuwa simba wamechorwa wafanane na wa mbugani, nyuso zao hazibadiliki vya kutosha, na watoto wangu waliliangalia bila kusogea karibu nami. Kwa hiyo weka lile la zamani.

Up ya mwaka 2009 inasimulia ndoa nzima, tangu ujana hadi kifo, kwa dakika chache zisizo na maneno. Mtoto wa miaka saba hataelewa kila kitu katika sehemu hiyo, na hakuna ubaya. Ataelewa kwamba yule mzee ana sababu ya kuikumbatia nyumba yake.

Kwa huyo wa miaka kumi na mmoja ninayo filamu moja ambayo inajibu swali lako lote kwa pamoja, nayo ni The First Slam Dunk ya Japani, iliyotoka Desemba 2022. Takehiko Inoue, aliyechora hadithi yenyewe vitabuni kati ya mwaka 1990 na 1996, aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Filamu nzima ni mechi moja ya mashindano ya shule za sekondari, dhidi ya mabingwa watetezi, na katikati ya mechi tunarudishwa Okinawa kwa Ryota Miyagi, mchezaji mfupi kuliko wenzake, ambaye kaka yake alikwenda baharini kuvua na hakurudi. Mama yake bado hajaweza kulizungumzia jambo hilo. Kila anapovuka nusu ya uwanja na mpira, unajua anacheza na nani moyoni mwake. Katika sekunde za mwisho mwongozaji anaondoa sauti zote, muziki, umati, hata mpira kugonga sakafu, na mistari ya kalamu inaanza kuonekana kwenye miili ya wachezaji. Matokeo siyasemi, maana mtoto wako anastahili kuyangoja kama nilivyoyangoja mimi. Ipo pia yenye sauti za Kiingereza, kama kusoma maandishi kutamchosha.

Kuhusu ratiba, fainali ya wanaume huchezwa Jumatatu na kuanza karibu saa tatu usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, yaani karibu saa kumi alfajiri kwa ndugu zetu walioko nyumbani, na watoto wana shule kesho yake. Usijilaumu wakilala kabla haijaisha. Jioni za katikati ya wiki, kunapokuwa hakuna mechi, ndizo za filamu. Alhamisi na Ijumaa za raundi ya kwanza ya wanaume zina mechi kuanzia mchana hadi usiku wa manane, na hapo ndipo vyuo vidogo huonekana, kwa hiyo wakitoka shule waache waangalie wanavyotaka. Fainali ya wanawake kwa miaka ya karibuni imekuwa ikichezwa Jumapili saa tisa alasiri, na hiyo ndiyo ningeifanya kuwa mechi yenu ya familia.