Wadogo Zangu wa Fildi, Someni Lebo Kabla ya Kutuma Hela

Jumanne kijana mmoja wa fildi alinijia ameinamisha kichwa. Alikuwa amevunja sloti ya RAM, yaani kijiti cha kumbukumbu, kwenye mazabodi ya mteja, ile bodi kuu inayobeba kila kitu ndani ya kompyuta. Mashine ni ya RAM za kizazi cha DDR3, yeye ameshika kijiti cha DDR4, kizazi kilichofuata. Kilipogoma kuingia akaongeza nguvu ya gumba mpaka ule ukuta mdogo wa katikati ya sloti ukakatika. Nilipomuuliza alikuwa anawaza nini, akajibu kwa upole kabisa: "Dada Fundi, niliona urefu wake ni mmoja."

Na kweli urefu ni mmoja. Ndiyo maana nimekaa usiku huu kuwaandikia. Huyu ni wa nne mwaka huu, na nimechoka kumgombeza kila mtu peke yake wakati nyote ni watoto wazuri, mna mikono myepesi kuliko niliyokuwa nayo mimi nilipoanza.

Hapa Kigoma kosa la RAM ni ghali kuliko kwingine. Reli ya Kati inaishia kwetu, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Fundi aliyepo Kariakoo akichukua kijiti kisichofaa, anavuka barabara kwenda kukibadilisha. Wewe wa Mwanga au Ujiji unalipia mzigo kuja, unalipia mzigo kurudi, unalipia tena kuja, na siku zote hizo mteja anakupigia simu asubuhi na jioni. Basi tuanze.

1. Jua kizazi cha RAM kabla ya kuuliza ukubwa wake. Kwa vijiti virefu vya mezani, DDR3 ina pini 240 na hutumia volti 1.5. DDR4 ina pini 288 na volti 1.2. DDR5 nayo ina pini 288, lakini volti zake ni 1.1 na mkato wake, ule upenyo kwenye safu ya meno ya kijiti, umekaa mahali pengine, kwa hiyo usidanganywe na hesabu ya pini. Mkato ule umewekwa makusudi ili ukuzuie. Ukikataa, mshukuru, kisha toa kijiti.

Anayeamua ni prosesa pamoja na mazabodi, kwa sababu kidhibiti cha kumbukumbu siku hizi kimo ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa za AMD zinazokaa kwenye soketi ya AM4 ni DDR4; za AM5 ni DDR5 peke yake. Kwa Intel, prosesa za kizazi cha nne ni DDR3, na kuanzia cha 12 hadi cha 14 prosesa inakubali DDR4 au DDR5, ila mazabodi karibu zote zina sloti za aina moja tu. Kizazi cha sita, kilichotoka 2015, ndicho kinachowachanganya wengi. Mmezoea kusema "sita ni DDR4" kama mnaimba. Fungueni Dell OptiPlex 3040, ambayo ni ya kizazi cha sita, mtakuta DDR3L, ile ya volti 1.35. Kijiti cha DDR3L mara nyingi kinaishi vizuri kwenye mashine ya volti 1.5, lakini kijiti cha kawaida cha volti 1.5 usikipeleke kwenye mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya L. Huo mkato hautakusaidia hapo, kwa sababu ni uleule. Herufi L kwenye lebo ndiyo pekee itakayokuonya.

2. Kompyuta ndogo za mezani, zile unazoweza kuzibeba kwenye mfuko wa daftari, nyingi zinatumia RAM fupi za laptopu. Fungua kwanza, halafu ndiyo upige simu.

3. Herufi ya lebo inayotaja aina ya kijiti. Hapa naomba mtulie, maana jambo hili liliniumiza na bado likinijia usiku najigeuza kitandani.

Nilikuwa na mwaka wa pili tangu nipange fremu. Shule moja ya sekondari ikanipa maabara yake ya kompyuta: mashine kumi za mezani, zote kizazi cha sita, kila moja ina GB 4. Wazazi walikuwa wamechanga. Mkuu wa shule alinikabidhi hela kwa mkono wake, ndani ya bahasha ambayo juu yake aliandika kila darasa lilichanga kiasi gani. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, kuongeza kijiti kimoja cha GB 8 kwa kila mashine. Nilifungua mashine moja, nikaona DDR4, nikafunga. Nikampigia muuzaji Kariakoo na kumuuliza maswali mawili tu: una DDR4? Za GB 8 unazo? Akasema zipo, zimetolewa kwenye mashine kubwa za ofisi, safi kabisa, na bei aliyonitajia ilikuwa karibu nusu ya bei za wenzake. Sikumuuliza kwa nini. Nilipiga hesabu ya chenji itakayobaki, nikaona nitawanunulia na vipanya vipya, nikafurahi sana.

Vijiti vilifika na basi Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi nilikuwa shuleni. Cha kwanza kikaingia vizuri kwenye sloti ya pili, pembeni ya kile cha zamani, vibano vikajifunga vyenyewe pande zote. Nikawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini nyeusi. Nikazima, nikasugua meno ya kijiti kwa raba. Nikabadilisha sloti. Nikatoa betri ya CMOS, ile ndogo inayotunza mipangilio ya mazabodi, nikanywa chai, nikairudisha. Nikabadilisha pawa saplai. Skrini nyeusi. Nikahamia mashine ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Nje dirishani kulikuwa na wanafunzi wa bweni wanachungulia, wameambiwa kompyuta leo zinapona.

Mashine sita zikigoma kwa namna moja, siku moja, fundi aliyetulia anajua tatizo lipo kwenye kitu alichokuja nacho. Mimi sikutulia. Niliwaza hizi mashine ni za mtumba, zimechoka. Na katika kuhangaika kote kule, hakuna hata mara moja niliyotoa kijiti kipya na kuacha cha zamani peke yake. Jambo la dakika moja. Saa kumi jioni nikaingia ofisini kwa mkuu wa shule na kumwambia kwa sauti ya mtaalamu kwamba mazabodi zake zimekufa, haziwezi kubeba RAM zaidi. Mzee akachukua daftari, akaandika "mashine mbovu," akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Sasa binti yangu, wazazi nitawaambia nini?" Sikuwa na jibu. Nikaomba mashine moja niende nayo kwenye fremu.

Jumapili mchana, fremu imefungwa, ndipo nilipokitoa kijiti kipya. Mashine ikawaka. Nikakaa chini. Kisha nikaviweka vijiti viwili mezani chini ya taa, na kwa mara ya kwanza nikasoma lebo zote mbili mpaka mwisho. Cha zamani kiliandikwa PC4-2400T-UA2. Kipya kiliandikwa 1Rx4 PC4-2133P-RC0. Tofauti iliyoniangusha ni ile herufi iliyo baada ya kistari cha pili: U na R.

U ni RAM ya kawaida, ile ambayo prosesa inazungumza moja kwa moja na chipu zake. R ni ya seva. Katikati ya kijiti ina chipu moja ya ziada, rejista, ambayo inapokea amri kutoka kwenye prosesa kisha ndiyo inazigawa kwa chipu za kumbukumbu. Seva zinaihitaji kwa sababu zinabeba vijiti vingi mno. Prosesa ya kawaida ya mezani haijui kuzungumza na rejista, basi inanyamaza. Na kwenye DDR4 kijiti cha R na cha U vina mkato mahali pamoja, pini sawa, urefu sawa. Kinaingia. Vibano vinafunga. Hakuna kitu cha kukuzuia. Chipu ya rejista ilikuwa pale katikati, naiona kwa macho tangu Ijumaa, nikadhani ni urembo wa kampuni.

Jumatatu nilirudi shuleni. Nimewahi kubeba mitungi ya gesi kupanda nayo ghorofani, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama sentensi ile: Mwalimu, mashine zako ni nzima, mimi ndiye niliyekosea. Mzee alinitazama muda mrefu. Akafungua daftari lake, akakata ule mstari kwa rula, akasema, "Afadhali umerudi mwenyewe. Hizo nyingine zitafika lini?"

Muuzaji hakuwa amenidanganya. Niliuliza DDR4 ya GB 8, akanipa DDR4 ya GB 8. Alikubali kuvipokea kwa bei ya chini zaidi, na tofauti yote pamoja na nauli za mzigo nikazitoa kwenye kodi ya fremu. Mwenye nyumba alinivumilia. Kidato cha nne ndio walioumia, karibu wiki tatu wakisubiri programu ifunguke kwenye zile GB 4, wawili wawili kwenye kiti kimoja. Wale watoto hawakunikosea kitu.

Kwa hiyo mkinisikia nawapigia kelele za "soma lebo," mjue natoka wapi. U ni ya mezani, S ni fupi ya laptopu, R ni ya seva, E ni ya kawaida yenye ulinzi wa makosa. Kwenye DDR3 herufi inagandamana na namba, kama PC3-12800U. Na ile 12800 msiifanye kuwa kasi ya kutisha, ni DDR3 ya 1600 ileile, kwa kuwa 1600 ukizidisha kwa 8 unapata 12800. Piga picha lebo ya kijiti kilichomo, mtumie muuzaji, naye akutumie picha ya lebo ya anachouza kabla hujatuma hela.

4. Ukubwa una kikomo chake. Kizazi cha nne cha Intel hakipokei kijiti kimoja cha GB 16, mwisho ni GB 8 kwa kila kijiti. Na kabla hujauza RAM, angalia kama Windows ya mteja ni ya biti 32, maana hiyo haitavuka GB 4 hata ukimjazia sloti zote.

5. Kasi inafuata kijiti cha polepole kuliko vyote. Hapa nina neno na wachache wenu. Prosesa ya Intel Core i5-10400 ikiwa kwenye mazabodi ya B460, kasi ya RAM inaishia 2666. Ukimuuzia mwenye mashine hiyo kijiti cha 3200 kwa bei ya 3200 na kumwambia "sasa itaruka," umemchukulia hela yake. Mwambie ukweli. Na penye mazabodi inayoruhusu, ingia kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mazabodi, uwashe XMP, yaani mpangilio wa kasi uliohifadhiwa kwenye kijiti chenyewe, la sivyo kijiti cha 3200 cha XMP kinaweza kukaa kwenye 2133 au 2400 maisha yake yote na hakuna atakayejua.

6. Vijiti viwili kwenye mazabodi ya sloti nne kwa kawaida vikae sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ili kila chaneli, yaani njia ya data kati ya prosesa na RAM, ipate kijiti chake. Kijana mmoja wa Ujiji anayehariri video za harusi alikuja kulalamika kwamba mashine ni mpya lakini inamchosha, tena picha za harusi ya Ijumaa zinamsubiri. Haikuwa na kadi ya picha, inategemea ile iliyo ndani ya prosesa, ambayo inakula RAM ileile. Nilipofungua, nikakuta vijiti viwili vimebanana kwenye sloti ya kwanza na ya pili kama abiria wa hiace, chaneli nyingine haina mtu. Nilihamisha kimoja. Sikumtoza. Bibi harusi alipata video yake kwa wakati, na mpaka leo huyo kijana akipita mwaloni ananiletea migebuka.

7. DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa, hasa kwenye AM5. Inajipima yenyewe na kijiti kipya. Usizime. Nawajua, mna haraka, mnazima kwenye dakika ya kwanza, inaanza upya, mnazima tena, halafu mnakuja kuniambia mazabodi imekufa. Neno hilo mbele yangu msilitamke kabla hamjarudisha kijiti cha zamani peke yake na kuwasha.

8. Chomoa waya wa umeme, si kuzima swichi tu, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili mabaki ya umeme yaishe. Unyevu wa ziwa unachafua meno ya vijiti, kwa hiyo raba na brashi laini visikosekane mfukoni. Kazi ikiisha, acha Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikeshe usiku mmoja kabla ya kumkabidhi mteja.

Kuhusu ile sloti iliyovunjika Jumanne: mazabodi ina sloti nyingine nzima, nimeijaribu kwa kijiti cha zamani, inawaka. Mteja nimemweleza, amekubali kusubiri, na gharama tumegawana mimi na kijana. Kijiti cha DDR3 tumeagiza, kinafika kesho na basi. Atakayekwenda stendi kukipokea ni yeye mwenyewe. Nimemwambia afungue bahasha palepale dirishani kabla ya kusaini, anisomee lebo yote kwenye simu, herufi kwa herufi, mpaka ya mwisho.