Nguo mpya ya bei chee: mmeuliza, tunajibu

Maswali ya safari hii karibu yote yanagusa fasheni ya haraka, yaani nguo inayochorwa, kushonwa na kuingia sokoni ndani ya wiki chache kwa bei ya kutupa, kisha ikapishwa na mtindo mwingine kabla haijachuja. Nyingine huchuja mapema zaidi.

Kariakoo kuna blauzi ya 8,000 na nyingine inayofanana nayo ya 25,000. Nitajuaje kama ninalipia ubora au jina? (Msomaji wa Tabata)

Dada, igeuze ndani nje kwanza. Angalia kitambaa kilichoachwa pembeni ya mshono. Kikiwa sentimita moja au moja na nusu, fundi anaweza kukupanulia nguo ukinenepa. Kikikatwa hadi kwenye uzi wa ovaloki, milimita nne au tano tu, siku ikifumuka kwapani hakuna pa kushonea. Halafu hesabu hatua za cherehani ndani ya sentimita moja: nne au tano zinatosha kwa blauzi, mbili maana yake kiwanda kilikuwa kinakimbizana na saa. Shika mshono kwa vidole gumba, vuta pande mbili. Ukiona mwanga unapita kati ya nyuzi, irudishe. Kama ina mistari, tazama ubavuni: mistari kukutana kunakula kitambaa kingi, ndiyo maana nguo za chapuchapu hazihangaiki nayo.

Bei kubwa peke yake si ushahidi. Zote mbili zinaweza kuwa zimetoka chumba kimoja. Gawa bei kwa mara utakazoivaa. Ya 8,000 ikivaliwa mara nne, kila mara imekugharimu 2,000. Ya 25,000 ikivaliwa mara hamsini, ni 500. Lakini kama ni sare ya send-off utakayoivaa usiku mmoja, chukua ya 8,000 na usijisumbue.

Tisheti yangu nimeifua mara mbili tu, mshono wa ubavu umehamia tumboni. Muuzaji anasema nimeikamua vibaya. (Msomaji wa Dodoma)

Anakusingizia. Tisheti nyingi hufumwa kwa uzi uliosokotwa kuelekea upande mmoja. Uzi huo ukilowa hutaka kujinyoosha, na ukijinyoosha huvuta vitanzi vyote viende mshazari. Kiwanda makini hukiacha kitambaa kipumzike, hukifua ili kinywee kabla ya kukata. Kazi hiyo inakula siku, na ndiyo ya kwanza kurukwa haraka inapotakiwa.

Pasi itainyoosha hadi ufuaji unaofuata, basi. Kabla ya kununua, tafuta vile vijimstari vyembamba vya ufumaji vinavyoshuka kutoka kifuani. Visipokwenda sambamba na mshono wa ubavu tangu dukani, nyumbani vitazidi.

Chumvi na siki vinazuia nguo kuchuja? (Wengi)

Hapana. Chumvi ina kazi yake kwenye pipa la kutia rangi kiwandani, na hata huko kinachoifunga rangi kwenye pamba ni soda, si chumvi. Nguo ikishafika kwako, kinachotoka ni rangi ya ziada ambayo haikusuuzwa vya kutosha. Ifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, kisha ianike kivulini ikiwa ndani nje. Ukiwa bado dukani, lowesha leso nyeupe usugue upande wa ndani mara kumi. Nyekundu, nyeusi na jinzi ya bluu iliyokolea ndizo za kuogopwa.

Lebo inasema pamba 100% lakini shati linanichemsha. Nitapimaje? (Msomaji wa Mombasa)

Kwa moto. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye kitambaa chenyewe, kwenye ukingo wa ndani. Usichome uzi wa mshono, kwa sababu huo mara nyingi ni poliesta hata kwenye shati la pamba tupu, utamlaumu mshonaji bure. Shika kwa kibano juu ya sahani ya bati, mbali na pazia na watoto. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake ni laini. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha tone gumu. Tone hilo linaunguza, usiliguse. Jivu lenye punje ngumu ndani yake ni mchanganyiko.

Viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na miti, itakudanganya, maana huwaka kama pamba. Lowesha uzi uuvute: wa viskosi hukatika kirahisi ukiwa umelowa, wa pamba hukaza zaidi.

Kwa hiyo hizi nguo hazina faida hata moja? (Msomaji wa Arusha)

Zinazo. Mtu wa kipato kidogo anavaa kipya, na Bangladesh mamilioni ya watu, wengi wao wanawake, wanalipwa mshahara kwa sababu yake. Ila bei ile ndogo kuna mtu anaifidia. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na washonaji wakaamriwa warudi kazini. Baada ya hapo ndipo kampuni nyingi za nje ziliposaini mkataba wa ukaguzi wa majengo.

Nafungua belo la kilo 45 pale Gikomba, kamera (nguo za daraja la kwanza) chache, fagia (zile mbovu za mwisho) tele. Zamani haikuwa hivi. Wakipiga marufuku mitumba tutaumia au tutapona? (Mfanyabiashara, Nairobi)

Kaka, belo ni kioo cha kinachovaliwa kule ng'ambo linakotoka. Nguo iliyoshonwa ifuliwe mara chache haiwezi kukufikia ikiwa kamera, na zile nzuri huchambuliwa na kuuzwa hukohuko. Poliesta iliyochanganywa na pamba na spandeksi, ule uzi unaovutika, ni vigumu mno kuirudisha kuwa uzi, kwa hiyo fagia yako huishia jalalani Dandora.

Kuhusu marufuku, Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya AGOA, sheria yake ya biashara na nchi za Afrika. Kenya ilikuwa imeshajitoa mapema kwenye mpango wa nchi za Afrika Mashariki wa kuondoa mitumba.

Wewe piga hesabu kwa vipande. Blauzi ya gramu 180 hukupa vipande 250 kwa belo, jinzi ya gramu 600 hukupa 75. Kamera peke yake irudishe mtaji; isiporudisha kwa mabelo mawili mfululizo, badilisha aina, na jinzi au mashuka ndiyo ya kuanza nayo.